Kusadikika, Nagona na Wasomaji Wake

Hadithi za nchi zisizokuwapo zilisomwa kwa Kiswahili kabla ya kuandikwa kama riwaya za Kiswahili. Hekaya za Alfu Lela U Lela na za Abunuwasi zilisimuliwa pwani tangu zamani. Katika miaka ya 1920 na 1930 Frederick Johnson akatafsiri vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya shule, zikiwamo safari za Gulliver kwenye nchi ya watu wadogo na nchi ya majitu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa tayari limewazoesha wasomaji kuandika barua na kujibizana kwa mashairi. Kusoma na kutoa maoni vilikua pamoja.

Riwaya iliyochochea mabishano makubwa ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Nchi yake inaelea angani. Karama, kijana anayetaka kuanzisha mafunzo ya sheria, anashitakiwa na Majivuno, na anajitetea kwa kueleza yaliyowapata wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Wajumbe hao walirudi na mambo ya manufaa wakaishia gerezani. Mwaka uliofuata ikaja Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani. Deni lake kwa Alfu Lela U Lela liko wazi.

Je, Kusadikika ni nchi gani? Wahakiki wengi walijibu kwamba ni Tanganyika ya mkoloni, na kwamba mwandishi, aliyekuwa karani wa serikali hiyohiyo, aliipandisha nchi angani ili aseme asichoweza kukisema ardhini. Wengine walisema kitabu kinahusu dhuluma popote ilipo. Jibu la kwanza lina nguvu, lakini liliwazoesha wasomaji tabia moja: kuiona ajabu kama ganda la kumenywa na kutupwa. Ni wachache waliouliza watu wa Kusadikika wanaishije huko hewani, ingawa mwandishi mwenyewe alilifanyia jambo hilo mzaha wa kutosha.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikwenda njia ya kinyume. Mzimu wa Watu wa Kale, ulioshinda shindano la East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960, unaanza kwa hofu ya mizimu na kuishia kwa mpelelezi Bwana Msa kuonyesha kuwa aliyeua ni binadamu. Msomaji aliyeamini mizimu alijikuta akibishana na mpelelezi mwenye kiko.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, swali lilibadilika. Wahakiki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitaka kujua kitabu kinamsaidiaje mkulima na mfanyakazi. Shaaban Robert, aliyefariki mwaka 1962, alisifiwa kwa lugha na kulaumiwa kwa udhanifu: nchi zake zinakombolewa na watu wema, si na umma uliojipanga. Lawama hiyo haikuwa ya haki kabisa, kwani ilimdai mtu wa 1951 majibu ya 1971.

Mshtuko mwingine ulitoka kwa Euphrase Kezilahabi, aliyejulikana kwa riwaya za kihalisia kama Rosa Mistika. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba ambamo wakati haunyooki na wafu wanazungumza. Wapo waliosema amewaacha wasomaji wake, na wapo waliosema ndipo riwaya ya Kiswahili ilipokomaa. Nchini Kenya, Katama Mkangi alimpeleka mhusika wake kwenye sayari ya watu walio sawa katika Walenisi (1995), kazi iliyo karibu zaidi na riwaya ya kisayansi. Zikafuata Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed na Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila.

Vitabu hivi vyote havikusambaa sawasawa. Nchini Tanzania, kwa mfano, Ubaruku, mji mdogo wa wakulima wa mpunga katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, umekua pembeni mwa mashamba ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970. Mahali pa namna hiyo, riwaya humfikia msomaji hasa kupitia shule. Maktaba za mkoa ziko mbali, Mbeya mjini na Iringa. Kwa hiyo kilichoteuliwa katika mtaala ndicho kinachojadiliwa. Kufikirika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya mwandishi kufa, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Mfalme wake hana mtoto, anaita waganga wa kila aina, na baadaye kafara ya mwerevu na mjinga inatafutwa. Katika nchi ambayo waganga bado wana wateja, hapo pana mjadala hata bila mwalimu. Mtihani, hata hivyo, humtaka mwanafunzi aorodheshe fani na maudhui.

Nje ya darasa, roboti na vyombo vya angani vimewafikia vijana zaidi kupitia vibanda vya video, kwa sauti za watafsiri kama Lufufu, kuliko kupitia kurasa. Hamu ya hadithi hizo ipo. Riwaya za Kiswahili za aina hiyo ndizo bado chache, na Walenisi, iliyo bora kati yake, inastahili kusomwa Tanzania kama inavyosomwa Kenya.