Yamkini ya Kuvuta Kopa

Katika hesabu za karata tumezoea kuandika uwezekano, na neno hilo halinitoshi. Limetoka kwenye kuweza: jambo ama linawezekana ama haliwezekani. Kuvuta ree ya shupaza kunawezekana. Kuvuta karata nyekundu yoyote kunawezekana vilevile. Lakini ya kwanza ni 1/52 na ya pili ni nusu nzima.

Mimi nachagua yamkini. Asili yake ya Kiarabu nayo ni kuwezekana, nakubali. Vinywani mwetu, hata hivyo, limeshaegemea upande wa kutarajia: asemaye “yamkini mvua itanyesha” ameshatazama mawingu. Tulifanye nomino basi: yamkini ya kuvuta kopa ni 13/52, yaani robo.

Nasibu tusiiguse. Karata huvutwa kwa nasibu. Yamkini ndiyo kipimo.

Jozi ina utamu na utata. Karata zote 52 pamoja ni jozi. Karata mbili zinazolingana, nazo ni jozi. Mtahini akiuliza yamkini ya kupata jozi katika jozi, mtahiniwa ashike lipi? Hesabu yenyewe ni nyepesi: ukishaishika ya kwanza zimebaki 51, na zinazolingana nayo ni 3 tu, kwa hiyo 3/51, sawa na 1/17. Ugumu umeletwa na neno. Jozi ibaki kwa karata zote, na zile mbili tuziite pacha.

Kopa, uru, shupaza na pau tulizipata kwa Wareno, na zimekaa vizuri mno kwenye ulimi wetu kuhitaji mbadala. Tatizo ni jina la kundi. Wengi husema rangi, ilhali kopa na uru zote ni nyekundu. “Karata za rangi moja” ni 13 au 26? Napendekeza ukoo: koo nne, kila mmoja karata 13. Kopa mbili mfululizo, bila kurudisha ya kwanza, zitakuwa pacha? Hapana, ni ndugu wa ukoo mmoja, na yamkini yao nayo ni 1/17.

Karata zenye picha, wazee wa pwani waliziita mzungu. Mfalme alikuwa mzungu wa nne. Ni neno fupi, letu, na linazifaa zote 12.

Walimu mnaotunga mitihani, andikeni hivi: “Taja yamkini ya kuvuta mzungu wa ukoo wa uru.” Jibu ni 3/52.