Kaunta ya Baga

Mtu aingiapo leo katika mkahawa wa baga katika Mtaa wa Sanaa wa Los Angeles, Marekani, aghalabu haongozwi mezani wala hangoji mhudumu. Husimama mbele ya kaunta, hutaja atakacho, hulipa kabla ya kuonja, kisha hujichukulia chakula chake. Desturi hiyo yadhaniwa kuwa alama ya watu wasiopenda makuu. Lakini asili yake ni hofu, na baada ya hofu, hesabu ya senti.

Mwaka 1906 kitabu cha Upton Sinclair juu ya viwanda vya nyama vya Chicago kiliwatia Wamarekani kinyaa, na nyama ya kusaga, ambayo mlaji hawezi kujua kilichomo, ikashukiwa mno. Walter Anderson na Billy Ingram walipoanzisha White Castle mjini Wichita mwaka 1921, walijenga vibanda vyeupe mfano wa ngome, wakakaanga nyama mbele ya macho ya mnunuzi, wakauza baga moja kwa senti 5. Kaunta, basi, ilikuwa shahidi wa usafi.

Maana ya pili ilizaliwa mwaka 1948 katika mji wa San Bernardino, maili 60 hivi mashariki ya Los Angeles. Ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walikuwa na mkahawa uliostawi, ambao wasichana wake walipeleka chakula magarini. Wakaufunga kwa muda, wakawaachisha kazi wasichana wote, wakaondoa sahani, visu na uma, wakapunguza vyakula hata vikabaki aina 9, na bei ya baga ikawa senti 15. Wateja wa mwanzo walipiga honi, wakangoja, hakuja mtu. Lakini haukupita muda mrefu kabla mtu wa mshahara mdogo kuweza kuwalisha wanawe mkahawani. Neema hiyo haifai kudharauliwa. Wala haifai kusahauliwa kuwa gharama yake ilibebwa na wasichana wale, na kwamba kwa miaka mingi matawi ya McDonald's yaliajiri wanaume tu.

Mtaa wa Sanaa nao ulikuwa mahali pa viwanda na maghala, kando ya reli. Kazi zilipohama, wasanii waliingia katika miaka ya 1970, maana majengo yalikuwa matupu na kodi ndogo. Waliishi humo kinyume cha sheria mpaka mji ulipowapa ruhusa mwaka 1981. Baa iliyoitwa Al's Bar ilivuma kwa muziki hata ilipofungwa mwaka 2001. Sifa walizoupa mtaa ndizo zilizowavuta wenye fedha, na kodi ikapanda hata wasanii wengi wakahama.

Wapangaji wapya wamepata kaunta ileile, kati ya kuta za matofali yasiyopakwa chokaa, ila bei si ya kibarua. Bakshishi, iliyoondoka pamoja na wasichana wa San Bernardino, imerejea: kioo cha malipo humwuliza mlaji ataongeza kiasi gani, naye chakula chake atakibeba mwenyewe.