Magari ya Kifahari na Historia Zake, Sehemu ya 4: Ferrari na Mtoto Wake Dino

Mama mwenzangu, kama una mtoto wa kiume, basi jina Ferrari umeshalisikia hapo sebuleni. Leo nakuletea historia yake, na nesi wako nina sababu ya kuichagua.

Enzo Ferrari alizaliwa mwaka 1898 Modena, Italia. Mwaka 1947 karakana yake ya Maranello ilitoa gari la kwanza lenye jina lake, 125 S. Miaka michache tu, Ferrari ikawa jina kubwa kwenye mashindano ya magari duniani.

Lakini nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Mwanawe Alfredo, waliyemwita Dino, alizaliwa 1932. Alisomea uhandisi ili aje kufanya kazi na baba yake. Misuli yake ikaanza kuisha nguvu. Ugonjwa wenyewe hutajwa kuwa Duchenne.

Enzo alimpangia chakula kwa hesabu, akawa anaandika vipimo vyake kwenye daftari. Baadaye alikiri kwamba alijidanganya, akidhani mwanawe atapona kama injini inavyotengenezwa. Dino alifariki Juni 30, 1956, akiwa na miaka 24.

Akiwa mgonjwa kitandani, Dino alijadili na mhandisi Vittorio Jano injini mpya ya silinda sita, V6. Injini ya ukoo huo ndiyo iliyompa Mike Hawthorn ubingwa wa dunia wa Formula 1 mwaka 1958. Kisha likaja gari la barabarani lililoitwa Dino tu, bila nembo ya Ferrari.

Sasa tuongee sisi. Duchenne hutokana na hitilafu kwenye kromosomu X. Mtoto wa kiume ana X moja tu, anayoipata kwa mama, kwa hiyo ikiwa na kasoro hana ya akiba. Mara nyingi mama hubeba kasoro hiyo bila kujua, na wakati mwingine inaanzia kwa mtoto mwenyewe. Sio uchawi, wala sio kosa la mama. Familia zikimnyooshea mama kidole, zinamuonea.

Mwangalie mwanao wa miaka 2 mpaka 5:
• Anaanguka anguka kuliko wenzake.
• Anashindwa kukimbia au kupanda ngazi.
• Vigimbi vinene isivyo kawaida.
• Akiinuka kutoka sakafuni, anajishikilia mapajani kwa mikono, kama anajipanda mwenyewe.

Ukiona hivyo, usisubiri eti "atakua tu". Mpeleke kwa daktari, umuulize kuhusu kipimo cha damu kiitwacho CK. Ugonjwa huu bado hauponi kabisa, ila siku hizi kuna dawa za steroidi zinazopunguza kasi ya misuli kudhoofika, na mazoezi tiba. Enzo, pamoja na pesa zake zote, hakuwa na hizo za kumpa mwanawe. Wewe ukiwahi, unaweza kumuongezea wako miaka ya kutembea.

Mtumie na baba watoto, yeye na magari yake. 😊