Siku ya Varro

Alfajiri ya Agosti 2, mwaka 216 K.K. Makonsuli wawili wa Roma wanapokezana amri ya jeshi siku kwa siku, na leo ni zamu ya Gaius Terentius Varro. Mwenzake, Lucius Aemilius Paullus, jana alikataa kupigana.

Jua likichomoza, Varro anavusha watu mto Aufidus karibu na Cannae, kusini mwa Italia. Mwanahistoria Polybius anahesabu Warumi na washirika wao: askari wa miguu 80,000, wapanda farasi 6,000. Adui yao, Hannibal wa Carthage, ana wa miguu kama 40,000 tu, ila farasi ni 10,000. Varro anazibana safu zake, ziwe nene kuliko kawaida, apasue katikati kwa uzito.

Katikati hiyo Hannibal amemtegea. Wagali na Wahispania wamejipinda kama hilali, tumbo kwa adui. Kila pembe wamesimama Walibya, wamevaa silaha walizovua maiti za Warumi katika vita vilivyotangulia.

Farasi wanatangulia. Kando ya mto hapageuziki. Wapandaji wanashuka na kukabana kwa mikono. Hasdrubal, kamanda wa Hannibal, anawafyeka wapanda farasi wa Roma, kisha anazunguka nyuma ya jeshi zima kwenda kuwasaidia Wanumidia, wapanda farasi wenzake, upande wa pili. Wapanda farasi wa washirika wa Roma wanamwona akija, wanakimbia.

Jua limepanda, upepo unawapiga Warumi vumbi usoni. Hilali inarudi nyuma, inabonyea. Warumi wanaifuata, wakidhani wameshinda. Walibya wanageuka kutoka pande zote mbili, Hasdrubal anafunga mgongoni. Wa pembezoni wanauawa, waliobaki wanazidi kusukumana ndani. Wingi wao sasa ni mzigo wao.

Paullus, damu ikimtoka, ameketi juu ya jiwe. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba ofisa mmoja, Lentulus, alimpa farasi wake, akakataa. Varro amekimbia, amefika mji wa Venusia na wapanda farasi wachache.

Kesho yake wanakutwa askari waliochimba mashimo na kuzika vichwa vyao ili wafe upesi. Mnumidia mmoja anavutwa akiwa hai chini ya maiti ya Mrumi, pua na masikio yametafunwa. Livy anahesabu waliokufa upande wa Roma kuwa zaidi ya 48,000. Polybius anafika 70,000.

Huko Roma, Seneti ilipiga marufuku kuomboleza zaidi ya siku 30. Varro alipokelewa na umati, akashukuriwa kwa kutoikatia tamaa nchi. Lawama zilimganda baadaye, na mimi huzipokea kwa tahadhari: Polybius, aliyemsema vibaya, alikuwa rafiki wa karibu wa Scipio Aemilianus, mjukuu wa Paullus.