Mapango ya Amboni hayakuchimbwa na volkano

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MGENI anayezuru Mapango ya Amboni, takriban kilomita nane kaskazini mwa jiji la Tanga, hupokewa na simulizi mbili kabla macho yake hayajazoea giza. Ya kwanza ni ya mbwa aliyepotelea humo na kuibukia Mlima Kilimanjaro. Ya pili inadai kuwa mapango hayo yalichimbwa na moto wa volkano.

Simulizi hizo zinavutia, lakini mawe yenyewe yanatoa ushahidi tofauti.

Mapango hayo yamo katika mawe ya chokaa ya kipindi cha Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, wakati eneo hilo lilipofunikwa na bahari. Tope la chokaa na mabaki ya viumbe wa majini vilirundikana tabaka juu ya tabaka hadi vikashikamana kuwa mwamba.

Nchi ilipoinuka, kazi ikachukuliwa na mvua. Maji yanayopita angani na udongoni hubeba hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo ilipenya katika nyufa, ikayeyusha chokaa kidogo kidogo, na vyumba vikafunguka. Nguzo zinazoning'inia darini ni chokaa iliyoachwa na matone ya maji hayo hayo.

Kuhusu safari ya mbwa, utafiti wa wataalamu wa Ujerumani na Uturuki wa mwaka 1994 ulibaini kuwa pango refu kuliko yote lina takriban mita 900. Kilimanjaro uko zaidi ya kilomita 250 kutoka hapo.

Chemchemi za maji moto ya salfa za Galanos, zilizoko jirani, nazo hudhaniwa kuwa dalili ya volkano. Hata hivyo, si lazima chemchemi ya moto iwe na volkano chini yake. Maji yakizama kina kirefu hupata joto la ardhi, kisha hupanda kupitia nyufa.

Msomaji anaweza kutofautisha mawe hayo mwenyewe. Jiwe la volkano mara nyingi ni zito na jeusi, lenye chembe ndogo mno, au lina vitundu vilivyoachwa na mapovu ya gesi. Jiwe la chokaa huweza kuonyesha kombe na matumbawe, na likidondoshewa siki kali hutoa mapovu.

Majivu ya volkano hulala kama tabaka laini linaloweza kutunza hata alama za miguu. Mfano mashuhuri ni nyayo za Laetoli mkoani Arusha, zilizogunduliwa katika miaka ya 1970, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6.

Milima ya Usambara nayo si volkano. Mawe yake yenye milia myeusi na myeupe ni miamba geu, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita. Hata mchanga mweusi unaoonekana katika baadhi ya fukwe za kusini mwa Tanga si majivu, bali ni madini mazito yaliyosombwa na maji kutoka katika miamba ya bara.

Anayetafuta masalia ya moto katika pwani hii hana budi kuvuka mpaka hadi Kwale, Kenya. Huko vilima vya Mrima na Jombo ni mizizi ya magma iliyopanda enzi za dinosaria. Mrima unajulikana kwa madini ya niobi na madini mengine adimu.

Kujua tofauti hizi si suala la wasomi peke yao. Mawe ya chokaa ya Tanga ndiyo malighafi ya saruji inayotengenezwa Pongwe, na pia ndiyo yanayobeba mapango ambayo Idara ya Mambo ya Kale ilikabidhiwa mwaka 1963.

Aidha, mwamba huo hupitisha maji kwa kasi kupitia nyufa zake, bila kuyachuja kama mchanga unavyofanya. Taka inayotupwa katika shimo la juu inaweza kuibukia kwenye kisima au chemchemi iliyoko chini.

Nayo nguzo ya pango, ambayo mtalii anaweza kuivunja kwa sekunde moja ili apate kumbukumbu ya safari, ilijengwa na matone kwa maelfu ya miaka.