Kabla ya bwawa la Magwagwa, maji yaliyopo yatumikeje?

USIMAMIZI wa mahitaji ya maji ni utaratibu wa kuhakikisha kwamba maji yaliyopo yanatosha: kupunguza upotevu, kurekebisha mazoea ya matumizi na kugawa kwa haki kabla ya kutafuta chanzo kipya. Kwa miaka mingi serikali nyingi ziliamini kuwa tiba ya uhaba ni kujenga bwawa jingine na kutandaza mabomba zaidi.

Mitazamo hiyo miwili inakutana Magwagwa, katika eneo bunge la Mugirango Kaskazini, Kaunti ya Nyamira. Tangu miaka ya 1980 wapangaji wamependekeza kujenga bwawa kubwa hapa katika Mto Sondu, ambao pia huitwa Miriu, ili kuzalisha umeme, kunyunyizia mashamba ya nyanda za chini na kusambaza maji kwa wananchi. Msimamizi wa mpango huo ni Mamlaka ya Ustawi wa Bonde la Ziwa (LBDA), iliyobuniwa mwaka wa 1979. Miongo imepita na ahadi zimerudiwa, lakini mwananchi bado anapanda mlima akiwa na mtungi kichwani.

Mto mmoja, watumiaji wengi

Sondu huanzia katika Msitu wa Mau, hupita nyanda za chai za Kericho na milima ya Gusii, kisha huteremka Nyakach hadi Ziwa Victoria. Bonde lake lina ukubwa wa takriban kilomita 3,500 za mraba.

Tayari mto huo unazalisha umeme. Mtambo wa Sondu-Miriu wenye uwezo wa megawati 60 ulikamilika mwaka wa 2008. Kwa kuwa hauna bwawa kubwa la kuhifadhi maji, mto unapopungua wakati wa kiangazi umeme nao hupungua. Mwaka wa 2012 mtambo wa Sang'oro wa megawati 21 ulianza kutumia maji yale yale yanapotoka Sondu-Miriu. Huo ni mfano mzuri wa usimamizi wa mahitaji: maji yaleyale yanafanya kazi mara mbili, na hakuna tone jipya lililochukuliwa mtoni.

Hata hivyo, vyanzo vya mto vimedhoofika. Jopo la serikali kuhusu Mau lilieleza mwaka wa 2009 kwamba takriban robo ya msitu huo, zaidi ya hektari 100,000, ilikuwa imepotea katika muda wa miongo miwili. Milima ikibaki uchi, mvua hugeuka mafuriko, udongo huchukuliwa na kiangazi hukausha vijito. Bwawa lolote litakalojengwa Magwagwa litajaa matope kabla ya wakati wake iwapo hali hiyo itaendelea.

Sheria ilivyobadilika

Sheria ya Maji ya 2002 ilitenganisha usimamizi wa vyanzo vya maji na utoaji wa huduma. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, iliyafanya maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Sheria ya Maji ya 2016 iliyofuata inatanguliza matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine, na kuvitambua vyama vya watumiaji wa maji, ambapo wakazi wa bonde moja hukaa pamoja kulinda mto wao na kusuluhisha migogoro.

Chemchemi na mikaratusi

Katika Gusii, chemchemi ndiyo mfereji wa wengi. Adui wake anayetajwa sana ni mkaratusi, mti unaokunywa maji mengi na ambao ulipandwa hadi kwenye mabonde yenye unyevu. Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kandokando ya mito na vyanzo vya maji.

Agizo hilo liligusa mifuko ya watu. Mkulima mwenye kipande kidogo cha ardhi huuza mikaratusi kwa viwanda vya chai kama kuni, au kwa wajenzi kama nguzo, na mapato hayo ndiyo karo ya watoto. Kumwambia aikate bila kumpa zao mbadala ni kumtwisha mtu mmoja gharama ya maji ya kijiji kizima. Uhifadhi utakaodumu ni ule utakaolipia hasara hiyo, kwa mfano kwa miche ya mianzi au ya miti ya kiasili.

Paa na mabomba

Gusii hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Paa la mabati la mita 50 za mraba, kwa mvua hiyo, hupokea lita 75,000. Hata moja kwa tano ikipotea, husalia lita 60,000. Familia ya watu sita inayotumia lita 20 kwa kila mtu kwa siku huhitaji lita 43,800 kwa mwaka. Tatizo basi ni tangi: kuvuka siku 60 za ukame, familia hiyo inahitaji hifadhi ya lita 7,200.

Mijini upotevu umo mabombani. Katika muongo uliopita, ripoti za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB) zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaleti mapato, kwa sababu ya kuvuja, wizi na mita mbovu. Kiwango kinachokubalika hakizidi asilimia 25.

Mustakabali

Jiji la Cape Town, Afrika Kusini, lilipokabiliwa na ukame lilimwekea kila mkazi kikomo cha lita 50 kwa siku mwaka wa 2018, na matumizi ya jiji yakashuka kwa zaidi ya nusu yakilinganishwa na ya 2015. Lakini funzo hilo haliwezi kuhamishiwa Magwagwa lilivyo. Anayebeba lita 20 kutoka bondeni hana cha kupunguza. Kwake, usimamizi wa mahitaji unamaanisha chemchemi iliyojengewa na kuzungushiwa ua, tangi chini ya paa na sauti katika chama cha watumiaji.

Bwawa likijengwa, maswali yatabaki: nani atapata maji kwanza, familia zitakazohamishwa zitafidiwaje, na kiasi gani kitaachwa kiendelee kutiririka mtoni? Majibu yanapasa kupatikana mapema, kwa kuwa kazi ya kulinda milima, chemchemi na mabomba haihitaji kusubiri bwawa.