Albamu ya safari: waliotajwa na waliosahauliwa

Kundi likitoka Ruangwa kwenda kutembelea magofu ya Kilwa Kisiwani, picha huwa zimeshasambaa kwenye simu za wote kabla basi halijarudi stendi. Inayobaki ni kazi kongwe kuliko simu: kuchagua zipi zichapishwe, zikae vipi kwenye kurasa, na chini yake paandikwe nini.

Mwishoni mwa karne ya 19, wasafiri waliopitia Unguja walinunua picha katika studio za akina Gomes na akina Coutinho, familia zenye asili ya Goa. Kamera ya Kodak ilipotoka mwaka 1888, ikafuatiwa mwaka 1900 na Brownie iliyouzwa dola moja, msafiri alianza kupiga picha zake mwenyewe. Maofisa, wamisionari na wawindaji wakarudi kwao na albamu nene. Nyingi zilikusanywa na Mwingereza Humphrey Winterton, na tangu mwaka 2002 mkusanyiko wake, wenye picha zaidi ya 7,000, uko Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani.

Albamu za aina hiyo zinafanana kwa mpangilio: meli, bandari, msafara, kambi, wanyama waliouawa, kisha safari ya kurudi. Zinafanana pia kwa maandishi. Mzungu ana jina na cheo. Aliyembebea hema na hiyo kamera yenyewe mara nyingi ni "mpagazi" tu.

Kusini nako kulipigwa picha mapema. Mwaka 1906 mtaalamu wa mila, Karl Weule, alitoka Lindi na msafara hadi Masasi na Newala, akiwa na kamera na mashine ya kurekodi sauti. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, katika mkoa huohuo wa Lindi zilimo Ruangwa na Nachingwea. Wapagazi walibeba shehena ya zaidi ya tani 200 kwa miguu hadi bandarini Lindi, na majina ya wengi wao hayajulikani leo.

Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, hakupotea hivyo, kwa sababu jina lake liliandikwa. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2007, mwanasayansi alipochunguza upya mifupa ya Tendaguru, aina mpya ya dinosaria aliiita Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Ndiyo maana kupanga albamu si kupamba tu. Anayepanga ndiye anayeamua nani atakumbukwa.

Vifaa navyo vina historia yao. Albamu za zamani zilikuwa na karatasi nyeusi; picha ilishikiliwa na vipembe vya karatasi na maelezo yakaandikwa kwa wino mweupe. Zikafuata zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu. Zilirahisisha kazi, lakini gundi yake huigeuza picha rangi na kuing'ang'ania isibanduke. Vipembe, au mifuko ya plastiki isiyo na gundi, ni salama zaidi.

Kwa kundi lililorudi safari, kanuni ni chache. Fuateni njia mliyopita, kutoka stendi hadi mwisho. Kila ukurasa uwe na picha moja kubwa inayobeba habari, na ndogo mbili tatu za kuisindikiza. Tiketi ya basi na ramani ya kuchora kwa mkono vina nafasi yake. Picha kumi za watu walewale pale pale zipunguzwe zibaki mbili.

Chini ya picha ya pamoja andikeni majina yote, kutoka kushoto kwenda kulia, pamoja na mahali na tarehe. Dereva, mpishi na aliyepiga picha waandikwe pia, hata kama hawaonekani.